Uzi Unaokua kwa Kukatwa

Jua likielekea kuzama, Kengeleni hutanda moshi wa makaa. Matatu zinazoshuka kutoka Daraja la Nyali zinagombania nafasi na zile zinazoelekea Kisauni, Bamburi na Mtwapa, makanga wanaita, pikipiki zinapenya pasipopenyeka, na kando ya barabara wachoma mahindi wa Frere Town wanapepea majiko yao. Kabla ya moto kuna kumenya. Hindi linashikwa kitakoni, maganda yanavutwa tabaka kwa tabaka, na mwisho zinabaki ndevu: nyuzi laini zenye rangi ya asali pale zilipolala juu ya punje, za kahawia iliyoungua kule nchani zilikochungulia nje. Zinanata vidoleni. Mchomaji huzikusanya kwa kiganja akazitupa kando ya jiko, na mbuzi apitaye huzimaliza. Hakuna anayezitazama mara mbili. Nami nasema kwamba katika soko zima la Kongowea, pamoja na malori yake yote yaliyotoka bara na viazi na vitunguu, ni vigumu kupata kitu kilichobeba safari ya ajabu kuliko uzi mmoja wa ndevu za hindi.

Kila uzi ni njia. Hindi lina mistari ya punje, na kila punje kwenye kila mstari ilianza ikiwa na uzi wake mmoja, uliomea kutoka kwayo, ukapita chini ya maganda hadi ukachomoza kileleni ili upokee vumbi la ua la juu, yaani chavua. Uzi ukipokea chavua, na chavua ikafika mwisho wa safari yake, punje hujaa maziwa. Isipofika, panabaki pengo. Wanunuzi wa jioni wanaijua hesabu hii bila kufundishwa. “Mama, nitafutie lililojaa,” na hindi linageuzwa mkononi, linakaguliwa, lenye mapengo linarudishwa kwenye fungu. Mkulima mjuzi hulisoma hindi hata kabla punje hazijanona: akilimenya taratibu na kulitikisa, nyuzi ambazo kazi yake imekwisha hudondoka zenyewe, na zile zinazong'ang'ania ni zile ambazo punje zake bado zinangoja. Tumezoea kusema pengo ni umaskini wa udongo au uchache wa mvua, na mara nyingi ndivyo. Lakini nikilitazama pengo kwa utulivu naona pia msafiri aliyeishia njiani, au aliyekufa kabla hajaondoka.

Msafiri huyo ni nani? Chembe moja ya chavua ya mhindi ina upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Mbelewele iliyo kileleni mwa mhindi mmoja humwaga chembe kwa mamilioni, na upepo ndio unaoamua ipi itue wapi. Nyingi huanguka chini zikapotea. Maisha yake ni saa chache tu, na joto likizidi saa hizo huwa dakika. Ile iliyobahatika kutua juu ya uzi hunywa unyevu wa uzi, ikavimba, na muda si muda mrija huchomoza ubavuni mwake, ukapenya ndani ya uzi na kuanza kushuka. Mrija huo ni seli moja. Hauna mguu wala msuli, hausukumwi na upepo tena. Unasonga kwa kujirefusha, kwa kuijenga ncha yake mbele tena na tena, zaidi ya sentimita moja kwa saa, hata baada ya kama siku moja uwe umemaliza uzi wa sentimita 20 au 30. Hiyo ni safari inayoweza kuzidi upana wa chembe iliyouzaa mara 3,000. Mwitaliano Giovanni Battista Amici, fundi wa darubini, ndiye aliyetangaza mwaka 1824 kwamba ameuona mrija ukitoka kwenye chavua ya ua. Mhindi ulikuwa umekwisha kuifanya kazi hiyo maelfu ya miaka mashambani kwa watu, hakuna aliyejua.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ndani ya mrija ule kuna kiunzi, na kiunzi hicho kimefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo aktini. Aktini haikugunduliwa kwenye mmea. Ilitengwa na Bruno Straub mjini Szeged, Hungaria, mwaka 1942, katikati ya vita, kutoka katika msuli wa sungura, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa habari ya misuli, habari ya viumbe vinavyokimbia na kupigana. Ilipofika mwaka 1974 nyuzi zake zikatambuliwa ndani ya mrija wa chavua wa ua la amarilisi. Aktini ya mmea na ya msuli wa mtu zinafanana kwa zaidi ya asilimia 80 ya viungo vyake. Kwa hiyo mkono wa yule mama unaopanda na kushuka na kipepeo juu ya makaa, na uzi alioutupa chini, vinatumia urithi mmoja, wa kale kuliko tofauti ya mnyama na mmea. Mimi hili halijaniishia kunishangaza, na sitaki liniishie.

Uzi wa aktini ukoje? Mtu aliyekulia pwani amepata kuona makumbi ya nazi yakifukiwa kwenye matope ya mkono wa bahari, yakafukuliwa yameoza nyama, yakapondwa hadi ukabaki usumba mtupu, kisha mzee akakaa kivulini akausokota kamba. Usumba mmoja ni mfupi, hauwezi kufunga hata kuku. Lakini mkono unazidi kuchomeka usumba mpya kwenye ncha, nyuzi mbili zinazidi kujizonga, na kamba inatoka ndefu kuliko chochote kilichoiunda. Aktini nayo ni hivyo: vipande vidogo vya mviringo, kila kimoja protini kamili, vinavyoungana vikafanya mistari miwili iliyozongana, uzi wenye unene wa nanomita 7. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Na kama kwa msokotaji, kuna ncha inayoongezwa na ncha iliyoachwa nyuma. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mzee kivulini. Kuna mikono mingi, nayo yenyewe ni protini, kila moja ikijua jambo moja tu.

Profilini hushika vipande vilivyo huru na kuvizuia visijiunge ovyo. Katika chavua sehemu kubwa ya aktini haimo kwenye nyuzi kabisa. Imewekwa akiba, imekumbatiwa na profilini, inangoja ncha iliyo tayari. Mwaka 1993 watafiti walizitenga jeni za profilini za chavua ya mhindi huu huu, na sasa tunajua kwamba kinachoonekana ni kizuizi ndicho kinachopeleka kipande mahali kinapotakiwa. Anayekipokea ni fomini. Yeye hukaa kwenye ncha ya uzi, hapo penye kuongezwa, na kusogea nayo, akipokea kipande kutoka kwa profilini na kukichomeka, kingine na kingine, bila kuiachia ncha. Vilini hufunga nyuzi nyingi pamoja ziwe mkanda imara. Zipo protini zinazoziba ncha isiongezwe tena. Halafu yuko mkataji, anayejulikana kwa herufi ADF. Huyu hujishikiza kwenye sehemu ya uzi iliyozeeka, huipinda, na uzi hukatika mpakani, pale sehemu iliyoshikwa inapokutana na isiyoshikwa. Wazee wetu husema uzi hukatikia pembamba. Katika seli, wembamba huo una mfanyakazi wake maalumu.

Hapa ndipo fikra zangu hukaa muda mrefu. Ningekuwa mimi niliyeambiwa niunde seli inayokua, ningeajiri wajenzi, na mkataji ningemfukuza. Akili ya kawaida inasema ukuaji ni kuongeza. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini bahari ilikwisha kutoa ushahidi, na ushahidi huo ni wa sifongo wawili. Sifongo wa Bahari ya Shamu hutoa sumu iitwayo latrunkulini, inayovishika vipande vya aktini visiweze kuungana. Ukiitia kidogo sana kwenye chavua ya mhindi, mrija hukoma kurefuka. Hilo tunalielewa, umezuia ujenzi. Sifongo wa Bahari ya Pasifiki naye hutoa sumu ya pili, jasplakinolidi, inayofanya kinyume chake: huzikaza nyuzi zilizokwisha kujengwa zisivunjike. Ukiitia hiyo, mrija nao hukoma kurefuka. Nyuzi zipo, tena imara kuliko awali, na ukuaji hakuna. Seli iliyonyimwa uwezo wa kubomoa imesimama sawasawa na seli iliyonyimwa uwezo wa kujenga.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na kila mara linanipunguzia imani niliyokuwa nayo juu ya uimara. Darubini za siku hizi zinazoweza kuzifuata nyuzi za aktini ndani ya seli hai za mimea zinaonyesha uzi ukirefuka kwa kasi, kisha ukikatwa katikati, kisha vipande vyake vikivunjwa na kurudishwa akibani. Uzi mmoja mmoja mara nyingi haumalizi dakika. Kiunzi kinachoubeba mrija kwa muda wa siku nzima kimeundwa na vitu visivyodumu hata dakika. Kile kinachodumu ni mpango wa kubadilishana, na ndani ya mpango huo kila kipande kilichovunjwa nyuma ni malighafi ya ncha ya mbele. Bandu bandu huisha gogo, ndivyo tunavyosema kuonya. Mrija wa chavua unaipokea methali hiyo na kuongeza sehemu yake: bandu bandu hizo zikirudishwa penye kazi, gogo haliishi, linahama.

Sasa swali la mamlaka. Mikono ikiwa mingi hivi, mmoja akichomeka na mwenzake akikata, nani anayeamua wapi na lini? Mtu hutamani kusikia kwamba kiini cha seli kimekaa katikati na kutoa amri. Ukweli ni mzuri zaidi. Kwenye utando wa ncha ya mrija kuna protini ndogo iitwayo ROP1, inayofanya kazi kama swichi: huwaka na kuzimika. Kwa protini za mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis ilionekana, mwaka 2005, kwamba ROP1 ikiwaka hutuma wajumbe wawili kwa wakati mmoja. Mjumbe wa kwanza, RIC4, huagiza nyuzi za aktini zijengwe kwenye ncha. Wa pili, RIC3, hufungulia kalisiamu iingie, na kalisiamu huziamsha protini zinazozivunja nyuzi hizo hizo. Swichi moja, amri mbili zinazopingana. Ukimzidishia nguvu RIC4 peke yake, nyuzi hujazana nchani na mrija hufura badala ya kurefuka. Ukimzidishia RIC3, mrija hufura vilevile. Wakiachwa wapingane kwa nguvu zinazolingana, ncha hunyooka na kwenda mbele.

Nyuzi zinapojengwa huleta mizigo: vifuko vidogo vilivyojaa viungo vya ukuta mpya, vikisafirishwa juu ya mikanda ya aktini hadi karibu na ncha. Lakini vikifika, mtandao mnene wa nyuzi huwa kizuizi, hauviachi viguse utando. Ni lazima nyuzi zivunjwe ndipo vifuko viungane na utando na kumwaga vilichobeba. Ujenzi huleta, ubomoaji hupakua. Ndiyo maana mrija wa chavua, ukitazamwa kwa makini, mara nyingi hauendi kwa mwendo mmoja: huharakisha na kupunguza, huharakisha na kupunguza, na kalisiamu ya nchani hupanda na kushuka pamoja nao. Siwezi kuuita mwendo huo kusitasita. Ni pumzi ya kitu kinachokubaliana na nafsi yake kila sekunde chache.

Siwezi kuwaza habari za kukata na kujenga nikiwa Frere Town nisiikumbuke ardhi yenyewe ninayoikanyaga. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika Zanzibar kudai biashara ya utumwa ya baharini ikomeshwe, na Juni mwaka huo Sultani Barghash akatia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Watu waliokombolewa kutoka majahazini walihitaji pa kuwekwa. William Salter Price wa Church Missionary Society alifika Mombasa mwaka 1874, na mwaka uliofuata makazi ya waliokombolewa yakaanza kusimama hapa, bara ya kaskazini, yakiitazama Mombasa ya kisiwani ng'ambo ya maji. Walikuja Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, pamoja na Waafrika waliokwisha kulelewa na kusomeshwa India. Kengele ikatundikwa, ikilia kuwaonya watu hatari ya wateka watumwa inapokaribia. Mnara wake bado upo, na wote wanaopanda matatu pale huutaja bila kuufikiria. James Mbotela, mtoto wa jamii hiyo, aliiandika habari ya wazee wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934.

Sifananishi mnyororo wa mtumwa na uzi wa seli. Mateso ya watu hayakuja duniani ili yawe mfano wa somo la bayolojia, na mtu akikaa kwenye kivuli cha mnara ule anapaswa kuwa na adabu. Ninalosema ni dogo kuliko hilo. Historia ya mahali hapa inanikataza kuamini kwamba kukatwa kwa pingu peke yake ni kukua. Waliofunguliwa walihitaji vishamba, ndoa, lugha moja ya kuongea, shule, majina watakayowapa watoto. Inanikataza pia kuamini upande wa pili, kwamba mpangilio ukikazwa vya kutosha utazaa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa makazi haya alishutumiwa kwa adhabu za viboko, watu waliotoka utumwani wakajikuta wanachapwa na waliowakomboa, na shutuma zikafika hadi Uingereza. Utaratibu ulikuwepo, tena mkali. Kilichokosekana ni ile nafasi ya kulegeza. Jamii ya Frere Town ilikua pale watu wake walipoanza kuchagua wenyewe kipi wakishike na kipi wakiache, na walimu, makasisi na waandishi wakatoka kwao.

Turudi ndani ya uzi, maana kuna mwendo ambao sijautaja. Mwaka 1774 kasisi na msomi Bonaventura Corti alitazama mmea wa majini uitwao Chara akaona ute wa seli ukizunguka ndani ya ukuta wake bila kukoma. Leo tunajua anayeuzungusha: miosini, protini inayotembea juu ya nyuzi za aktini ikiburura mizigo. Ya Chara ndiyo yenye kasi kuliko miosini zote zilizopimwa. Katika mrija wa chavua mkondo huo hupanda kandokando, hufika karibu na ncha, kisha hugeuka na kurudi kwa katikati. Mwaka 2013 Motoki Tominaga na wenzake nchini Japani walifanya jambo ambalo nilipolisoma niliweka kitabu chini. Walibadilisha injini ya miosini ndani ya Arabidopsis: mimea mingine wakaipa injini ya Chara iendayo kasi, mingine injini ya miosini ya binadamu iendayo polepole. Ile ya kasi ikawa mimea mikubwa. Ile ya polepole ikadumaa. Mmea uliosimama kimya shambani unatofautiana kimo na jirani yake kwa sababu ya mbio zinazokimbiwa ndani yake, mbio ambazo jicho haliwezi kuziona. Sijui maneno ya kumwambia mtu anayesema mti umetulia.

Mrija unaposhuka hauburuti mwili wake wote. Nyuma yake hujiwekea vizibo vya kalosi, sehemu iliyokwisha kupitwa inafungwa na kuachwa tupu, na uhai wote hubaki karibu na ncha. Ukikaribia punje, punje nayo huzungumza. Seli zilizo kando ya yai hutoa protini ndogo inayouvuta mrija hatua ya mwisho. Kwa mhindi iligunduliwa na kutangazwa mwaka 2005, ikapewa jina ZmEA1, na punje ambazo hazikuweza kuitengeneza zilibaki bila kutungwa hata mrija ulipofika karibu kabisa. Halafu mrija unaingia, na hapo unapasuka. Msafiri aliyetumia siku nzima kujenga na kubomoa ncha yake hufika ili apasuke, amwage mbegu mbili za kiume alizobeba. Moja huungana na yai, ikawa mche wa kesho. Ya pili huungana na seli ya katikati, ikawa akiba ya wanga. Sergei Nawaschin aliliona tendo hilo la mara mbili mwaka 1898 kwenye maua ya jamii ya yungiyungi, huko Kiev. Unga wa sima yetu ni matokeo ya muungano wa pili. Kila tonge lina ndani yake safari nyingi zilizofika, na hakuna punje hata moja iliyopata wanga wake kwa safari ya jirani.

Ndiyo sababu pengo la hindi haliniachi. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, mashamba ya Kilifi na Kwale yalikauka, na aliyepata kuvuna hakuvuna mahindi yaliyojaa. Mhindi uliokosa maji huchelewa kutoa ndevu. Mbelewele humwaga chavua na nyuzi bado hazijachomoza, au huchomoza zikiwa kavu, chavua ikitua haipati unyevu wa kunywa. Joto huua chembe zikiwa hewani. Na ikiwa chembe imeishi, mrija wake unaanza kazi ya kujenga na kukata ndani ya seli iliyopigwa na joto, ambamo ule ulinganifu wa wajumbe wawili huvurugika kirahisi. Wakulima wa Kigiriama wamehifadhi mbegu ya mdzihana kizazi kwa kizazi kwa sababu inastahimili mambo ya pwani, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kengeleni, kimekuwa na kazi ya mbegu za ukanda huu, zikiwamo Coast Composite na Pwani Hybrid. Kila anayechagua mbegu, awe bibi kizee anayening'iniza mahindi juu ya moshi wa jikoni au mtafiti mwenye vitabu vya hesabu, anachagua pia, ajue asijue, namna profilini na fomini na ADF zitakavyoelewana siku jua litakapokuwa kali.

Naamini elimu hii ni haki ya anayelima na anayechoma. Haistahili kubaki kwenye majarida yasiyosomwa na mtu wa Kisauni. Lugha yetu inaweza kuibeba: tuna kiunzi, tuna uzi, tuna kusokota, kufunga, kukata, kuziba, na majina mageni machache yakiongezwa hayatuvunji mgongo. Watoto wetu wanafundishwa uchavushaji kwa mchoro wenye mishale, wanaunakili daftarini, wanaufanyia mtihani na kuusahau. Wanamaliza shule wakiamini kwamba mmea ni kitu kinachongoja.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu wa bayolojia wa Kisauni, Likoni na Changamwe. Mkiwa na darubini moja ya shule inayofanya kazi, mnao uwezo wa kuwaonyesha. Chukueni ua lenye rangi ya waridi na petali tano linaloota lenyewe kando ya njia na makaburini. Yeyusheni sukari kwenye maji, kama gramu 10 kwa mililita 100, ongezeni chembe ndogo ya asidi ya boriki, kungʼuteni chavua kwenye tone moja juu ya kioo, funikeni lisikauke, na mngoje. Mirija ikichomoza, waacheni wanafunzi watazame ncha mpaka waone ute ukikimbia ndani yake, kisha waambieni kinachoukimbiza, na kwa nini mrija usingerefuka kama hakuna cha kukatwa. Fanyeni hivyo muhula huu.